Chakula, Mchuzi na Kitoweo

Huenda wasomaji wa jarida letu wakashangaa kumwona mwalimu wa lugha akiingia jikoni. Mambo ya lishe tumezoea kuwaachia waganga, wauguzi na walimu wa sayansi, nasi tukabaki na ngeli zetu, methali zetu na mashairi yetu. Lakini kila kinacholiwa kina jina, na mara nyingi jina hilo ndilo linalotuongoza tunapopakua: nani apewe nini, apewe kiasi gani, na nani atangulie kupewa. Kwa sababu hiyo tumeona si vibaya tukieleza machache tuliyoyaona katika miji miwili ya mashariki ya Uganda, yaani Mbale tulikozaliwa na Jinja tunakofundisha, kuhusu kitu ambacho vitabu hukiita utomwili, au protini kama wengi wasemavyo siku hizi.

Jambo lenyewe lilianzia darasani. Tulikuwa tukiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sekondari matumizi ya kitenzi "-la" katika nyakati mbalimbali, kitenzi ambacho, kama walimu wenzetu wajuavyo, huwasumbua wanaoanza kwa sababu ya ile "ku-" inayojitokeza hapa na kutoweka pale. Tukamwuliza kila mmoja: "Jana jioni ulikula nini?" Majibu yalikuja upesi, nasi tukayaandika ubaoni: nilikula posho, nilikula viazi, nilikula matoke, nilikula mihogo, nilikula wali. Posho, kwa faida ya wasomaji wa pwani, ndio ugali wa mahindi. Ubao ulipojaa tuliona kwamba hakuna aliyetaja kitoweo, isipokuwa kijana mmoja aliyekula kuku kwa kuwa nyumbani kwao walikuwa na wageni. Tukauliza tena: "Mlikula kwa kitoweo gani?" Hapo sauti zilishuka. "Kwa maharagwe tu, mwalimu." "Kwa mukene tu." "Kwa mchuzi tu."

Tulisahihisha sarufi, kengele ikalia, tukatoka. Lakini lile neno "tu" lilitufuata hadi nyumbani. Maharagwe na mukene, samaki wadogo ambao kwingine huitwa dagaa, ndivyo vilivyokuwa vimejenga miili ya watoto wale siku ile. Navyo ndivyo walivyoona haya kuvitaja. Wanga uliojaza matumbo yao ndio walioupa heshima ya kuitwa chakula.

Hatuwezi kuwalaumu wanafunzi, kwani lugha zetu zenyewe zimegawanya hivyo. Mganda husema "emmere" akiwa na maana ya matoke, viazi na vyote vya kushibisha, kisha husema "enva" akiwa na maana ya kile kinacholiwa pamoja navyo. Msoga naye hugawanya vivyo hivyo. Katika Kiswahili tuna ugali au wali kwa upande mmoja, na kitoweo kwa upande wa pili, na mtu aliyekula maharagwe sahani nzima bila ugali atakuambia bila kusita kwamba usiku ule hakula. Kitoweo kimefanywa kuwa mfuasi wa chakula, kama kivumishi kinavyolifuata jina; kikiwapo ni vizuri, kikikosekana sentensi bado yasomeka. Tena kuna neno la tatu, yaani "mchuzi", ambalo limetuponza kuliko hayo mawili, nasi tutalirudia hapo mbele.

Sasa, utomwili ni nini? Ni kitu ambacho kwacho mwili hujenga misuli, ngozi, nywele na damu, hutengeneza vimeng'enya vya kuyeyushia chakula, na huwapatia silaha wale askari wa ndani wanaopigana na maradhi. Umefanyika kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, kama vile maneno yanavyofanyika kwa herufi. Asidi hizo ni za aina 20, na 9 kati yake mwili hauwezi kujitengenezea. Sharti zitoke sahanini. Nyama, samaki, maziwa na mayai vina zote 9 kwa uwiano unaotufaa. Mahindi yamepungukiwa na zile ziitwazo lisini na triptofani. Maharagwe yana lisini nyingi lakini yamepungukiwa na methionini, ambayo mahindi yanayo. Viwili hivi vikikutana katika mlo mmoja, kila kimoja humkopesha mwenzake. Kwa hiyo yule mwanafunzi aliyesema kwa haya kwamba alikula posho "kwa maharagwe tu" alikuwa amekula mlo ambao mtaalamu wa lishe asingeuonea aibu.

Kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani na wenzake walieleza mwaka 2007 kwamba mtu mzima huhitaji gramu 0.83 za utomwili kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mtu wa kilo 60 basi huhitaji gramu 50 hivi. Mtoto wa mwaka mmoja mwenye kilo 10 huhitaji gramu 10 au 11. Msomaji ataona kwamba ni kiasi kidogo, na kweli ni kidogo. Lakini katika gramu 100 za matoke utomwili haufiki gramu 2, na mihogo mibichi ni hali kadhalika. Ili mtoto yule apate haja yake kwa matoke peke yake ingempasa ale karibu robo tatu ya kilo au zaidi kila siku, naye tumbo lake hubeba kama mililita 300 tu kwa mlo mmoja. Na hata angeweza kumaliza, utomwili huo ungekuwa pungufu kwa ubora. Kwa upande wa pili, yai moja lina gramu 6 hivi, gramu 100 za maharagwe yaliyopikwa zina gramu 8 hivi, karanga kavu za uzito huo zina gramu 25, na dagaa waliokaushwa vizuri wana utomwili unaozidi nusu ya uzito wao. Kiganja kimoja cha kitoweo chaweza kufanya kazi ambayo sufuria nzima ya matoke haiiwezi.

Hesabu hizo tulizisoma vitabuni tukiwa watu wazima. Jambo lenyewe tulilijua zamani, kabla hatujajua kusoma. Tulizaliwa katika miteremko ya Masaba, mlima ambao ramani huuita Elgon, juu ya mji wa Mbale, katika nyumba iliyozungukwa na migomba na kahawa. Katikati ya miaka ya 1980, nasi tukiwa na miaka mitano au sita, mama yetu alishika mimba ilhali mdogo wetu wa kiume alikuwa bado akinyonya, umri wake mwaka mmoja na nusu. Kwa desturi ya wakati ule mtoto aliachishwa ziwa siku ile ile, akapelekwa kwa bibi asije akalilia matiti. Bibi alimpenda sana. Alimpondea matoke, akayalainisha kwa mchuzi, akamlisha mara tatu kwa siku, wala hakulala njaa hata siku moja.

Baada ya miezi michache uso wake ulikuwa wa mviringo na mashavu yaking'aa. Majirani walimpongeza bibi wakisema mtoto amenona. Nywele zake zilibadilika zikawa nyepesi na nyekundunyekundu, wazee wakasema amezirithi kwa babu mmoja wa upande wa mama. Hakupenda kucheza. Alikaa kizingitini akilia kwa sauti ndogo isiyo na nguvu. Nasi watoto wengine tukagundua mchezo: ukimbonyeza juu ya mguu kwa kidole gumba, palibaki shimo, kama katika unga uliokandwa, nalo lilichukua muda kujaa. Tulikuwa tukishindana kuhesabu. Mshindi alikuwa yule ambaye shimo lake lilikawia zaidi.

Siku moja alipita mama mmoja wa kijiji, aliyewahi kufanya kazi ya ukunga mjini. Alimwona mtoto pale kizingitini, akamwinamia, akambonyeza mguu kama tulivyokuwa tukifanya sisi, ila yeye hakucheka. Alimgeukia bibi akamwambia kwa upole, "Mama, mtoto huyu hakunona. Huyu amevimba. Mpelekeni Mbale leo, msingoje kesho." Jioni ile mtoto aliteremshwa mjini mgongoni mwa mama yetu, naye mama alikuwa na mimba kubwa.

Walikaa hospitalini majuma matatu. Waliporudi, bibi alilia kwa uchungu akidhani kwamba huko mjini wamemmaliza mjukuu wake, kwani uvimbe ulikuwa umetoka na sasa mbavu zake zilihesabika. Wembamba ule ndio uliokuwa mwili wake wa kweli. Unono ulikuwa maji matupu. Mama hakubishana na bibi. Alitwanga karanga, akasaga mukene wakawa unga, akamenya maharagwe yaliyorowekwa, akavichanganya na matoke, akavifunga katika jani la mgomba na kuvipika kwa mvuke. Chakula kilipoiva akampakulia mtoto kwanza, kabla ya baba. Kwa desturi ya nyumba ile jambo hilo lilikuwa kubwa. Sote tulimtazama baba. Baba alitazama sahani ya mtoto, akatazama chini, akangoja zamu yake wala hakusema neno. Mdogo wetu alipona. Leo ni fundi wa kuchomelea vyuma na ni baba wa watoto wanne.

Ugonjwa ule una majina mengi, na hapo ndipo mwalimu wa lugha anapopata la kusema. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, aliueleza mwaka 1933 alipokuwa akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana. Mwaka 1935 akaupa jina la kwashiorkor, neno alilolipata kwa akina mama wa kabila la Waga. Kwa kawaida hufasiriwa kuwa ugonjwa unaompata mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake anapokuja. Huku Buganda akina mama walikuwa na neno lao, "obwosi", nalo pia lilihusu mtoto ambaye mama yake ameshika mimba nyingine. Katika pwani na bara ya Tanzania husemwa kwamba mtoto amebemendwa, na katika vitabu vya afya vya Kiswahili ugonjwa huitwa unyafuzi. Tazama basi: mataifa yasiyojuana, yaliyotengwa na maelfu ya kilomita, yaliona jambo moja, yaani mtoto aliyetoka zivani. Walichohitilafiana ni sababu. Wengi walitafuta kosa katika mwenendo wa wazazi, na mama akabebeshwa lawama. Daktari Williams aliuliza mtoto alipewa nini baada ya ziwa, akakuta ni uji wa mahindi mtupu.

Uganda ina sehemu kubwa katika historia hiyo. Katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari Hugh Trowell na wenzake waliuchunguza ugonjwa huo kwa miaka mingi, na mwaka 1954 yeye, Davies na Dean walitoa kitabu kizima juu yake. Mwaka 1965 hapo Mulago kikaanzishwa kituo cha Mwanamugimu, ambako mama na mtoto hukaa pamoja, na mama hujifunza kupika kwa vitu vinavyopatikana shambani na sokoni kwake. Chakula kile cha mchanganyiko alichopika mama yetu ndicho kinachojulikana huko kwa jina la kitobero. Jina la kituo limetokana na methali ya Kiganda isemayo kwamba mtoto mwenye afya hutoka katika "ngozi", yaani mbeleko, kwa kuwa mbeleko za zamani zilikuwa za ngozi ya mnyama. Neno hilo na "ngozi" ya Kiswahili ni ndugu wa damu, na tumeona wanafunzi wetu wakifurahi sana kulitambua.

Ni haki tueleze pia kwamba wataalamu wenyewe waliwahi kuvuka mpaka. Katika miaka ya 1950 na 1960 wengi waliamini kwamba upungufu wa utomwili ndio tatizo kuu la lishe duniani, na fedha nyingi zikatumika kutengeneza unga wa kila namna wenye utomwili mwingi. Mwaka 1974 daktari Donald McLaren aliandika katika jarida la Lancet akilishutumu wazo hilo kwa maneno makali. Ilikuwa imedhihirika kwamba watoto wengi walipungukiwa na chakula chote kwa jumla, tena waliandamwa na surua, kuhara na malaria. Mwili ukikosa nguvu ya kutosha huugeuza utomwili kuwa kuni, kama mtu avunjaye nguzo za nyumba yake apate kupikia. Hata kuhusu unyafuzi wenyewe wataalamu hawajamaliza mjadala, maana watoto wawili huweza kula chakula kinachofanana, mmoja akavimba na mwingine akakonda. Kwa hiyo hatusemi kwamba kitoweo ni dawa ya kila kitu. Mtoto ahitaji kushiba, ahitaji mafuta kidogo na mboga za majani, ahitaji ziwa la mama hadi afikishe miaka miwili au zaidi, chanjo na maji safi. Tunachosema ni kwamba katika orodha hiyo kitoweo ndicho tunachokisahau kwa urahisi, kwa sababu tumezoea kukisemea "tu".

Mtu angedhani kwamba aliyelelewa katika nyumba ile hangelirudia kosa lile. Sisi tulilirudia. Tulisoma, tukapata stashahada ya ualimu, tukaja kufundisha Jinja, tukajaliwa watoto. Binti yetu wa pili alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi miwili, mama yake alihamishiwa shule ya mbali, akawa anarudi mwisho wa juma tu. Mtoto akaachishwa ziwa, akabaki nasi pamoja na msichana aliyetusaidia kazi za nyumbani. Kila jioni tulikuja na samaki au nyama, tukijiona baba mwema. Mtoto alipewa posho au matoke kwa mchuzi, kwani nyama ilisemwa kuwa ni ngumu kwake na samaki ana miiba. Nasi tulikuwa mezani tukisahihisha insha za watu.

Siku moja walipita wahudumu wa afya wa mtaa wakipima mikono ya watoto kwa ule mkanda wa rangi tatu. Mkono wenye mzunguko wa sentimita 12.5 au zaidi huangukia rangi ya kijani. Ulio chini ya hapo huangukia ya manjano. Ukipungua sentimita 11.5 ni nyekundu, na mtoto hupelekwa hospitalini. Mkono wa binti yetu uliangukia manjano. Mhudumu, mama wa makamo, alipima mara ya pili, kisha akatutazama.

"Mwalimu, mtoto huyu anakula nini?"

"Anakula vizuri, mama. Matoke, posho, wali, viazi."

"Kwa kitoweo gani?"

"Kwa mchuzi. Siku nyingine mchuzi wa nyama, siku nyingine wa samaki."

"Mchuzi, mwalimu, au kile kilichomo ndani ya mchuzi?"

Hatukuwa na jibu. Akauliza tena, bila ukali wowote: "Na hiyo nyama yenyewe, anaila nani?"

Tulikuwa tukiila sisi. Na hapa msomaji asidanganyike kwa huu wingi wa "sisi" ambao waandishi hujifichia. Mwenye kuila alikuwa mtu mmoja, naye ndiye anayeandika.

Mama yule alitueleza kwa maneno machache jambo ambalo tungepaswa kulijua. Nyama ikichemshwa, utomwili wake hugandamana na kubaki ndani ya nyama, kama ute wa yai unavyoganda ukipata moto. Kinachotoka kuingia katika maji ni ladha, chumvi, rangi na mafuta kidogo. Mchuzi hunukia vizuri na hulainisha posho ikateremka, lakini mtoto anayelishwa mchuzi peke yake amepewa harufu ya nyama akakosa nyama. Tangu jioni ile tulichambua samaki kwa vidole vyetu wenyewe, mwiba kwa mwiba. Tuliponda maharagwe na kuyachuja maganda, tukasaga mukene na kuwatia katika uji, na nyama tukaikatakata hadi ikawa kama chembe. Yai moja lilipikwa kila siku nyingine. Baada ya miezi miwili mkanda ulionyesha kijani. Mama wa mtoto aliporudi likizo tulimweleza yote, hata lile swali la mwisho.

Tumelifikiria sana swali lile, hasa kwa kuwa tunakaa Jinja, mahali ambapo mto Naili hutoka katika ziwa Nalubaale, ambalo wengi hulijua kwa jina la Victoria. Tangu mwaka 1947 mji huu una kituo cha utafiti wa samaki. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 sangara, tunayemwita mbuta, alitiwa katika ziwa hili, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea kote na samaki wengi wa asili wametoweka. Viwanda vikajengwa katika miji ya pwani ya ziwa, Jinja ikiwa mmojawapo. Minofu ikasafirishwa Ulaya, na wakazi wa karibu wakabaki kununua mifupa yenye nyama kidogo, ile iitwayo mgongo wazi kwa jirani zetu wa Kenya. Mukene bado wapo kwa wingi, lakini sehemu kubwa husagwa kuwa chakula cha kuku na mifugo mingine. Basi kuku hula mukene, yai la kuku huuzwa lipatikane la kununulia sabuni na chumvi, na mtoto wa nyumba ile hula posho kwa mchuzi.

Hatusemi kwamba watu wasiuze. Umaskini haufutwi kwa somo la msamiati. Hata hivyo vipo vitu vingi vilivyo karibu ambavyo vimeshushwa hadhi bila sababu. Ukienda soko la Mbale utakuta malundo ya maharagwe ya rangi zote, karanga, kunde, choroko na ufuta, na wakati wa mvua utakuta kumbikumbi waliokaangwa. Wazee wa Masaba wana malewa, machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyokaushwa kwa moshi, ambayo hupikwa kwa karanga zilizosagwa. Machipukizi yenyewe hayana utomwili mwingi, lakini zile karanga zinao, na pishi hilo lilikuwapo kabla ya daktari yeyote kufika. Serikali nayo kupitia watafiti wake ilitoa mwaka 2000 mbegu ya mahindi iitwayo Longe 5, ambayo ina lisini na triptofani zaidi kuliko mahindi ya kawaida. Wakulima wakaiita Nalongo, yaani mama wa pacha. Tahadhari moja tu: karanga na mahindi yaliyoota ukungu yana sumukuvu, nayo huharibu ini. Yasitwangiwe mtoto, wala yasitupiwe kuku.

Limebaki jambo la miiko. Katika Buganda na kwa baadhi ya majirani zake, zamani mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala mayai, ingawa yeye ndiye aliyewafuga na kuwapika. Methali yetu husema mwenye njaa hana miiko. Katika nyumba hizo ilikuwa kinyume, kwani mjamzito na mwenye kunyonyesha, ambao miili yao ilihitaji zaidi, ndio waliowekewa miiko mingi. Siku hizi miiko hiyo imelegea sana. Kilichosalia ni utaratibu wa kupakua: mgeni kwanza, kisha baba, kisha wavulana wakubwa, na mwishoni mama na wadogo, ambao hufikiwa na mchuzi na vipande vilivyobaki chini ya chungu. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, ndiyo maana ni vigumu kuifuta.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Maana yake ni kwamba walimu wetu wanaingia madarasa mengi zaidi, na kwa kupitia watoto wanaingia nyumba nyingi zaidi. Tunawaomba basi wenzetu, wanapofundisha majina ya vyakula, wasiliache neno "chakula" lisimame peke yake ubaoni. Neno "utomwili" tulifundishe, kwani ni zuri na mtihani waweza kulidai. Lakini hatudhani kwamba litamfanya mtu yeyote atoe kipande cha samaki chunguni ampe mtoto. "Kitoweo" laweza, kama tutalitamka bila haya. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, nasi tunaongeza kwamba mtoto aliye mbichi apewe na huyo samaki mwenyewe.

Muhula uliopita tulilirudia lile zoezi la kitenzi "-la" kwa darasa jipya. Binti mmoja, mtoto wa mvuvi wa karibu na mji, alisimama akajibu: "Jana jioni nilikula mukene kwa posho." Wenzake walicheka, maana alikuwa ameigeuza sentensi, na mmoja akanyosha mkono ili amsahihishe. Tulimwambia akae, tukaiandika ubaoni kama ilivyotamkwa.

Tungefurahi kusikia kutoka kwa walimu wa sehemu nyingine, hasa wa pwani na wa Kongo ya mashariki, jinsi kitoweo kinavyoitwa huko kwao, na nani hupakuliwa kwanza.